Kisanduku cha Tatu

Buruburu, Nairobi
Jumatatu, 6 Februari 1995

Mama Koki,

Karani wa ofisi ya ukaguzi wa magari amesema leo saa nne na robo asubuhi kwamba gari letu halina mafuta. Hakufungua tangi. Alitazama fomu. Fomu ina visanduku viwili tu, petroli na dizeli, nami nilikuwa nimeviacha vyote vitupu na kuandika pembeni kwa herufi kubwa: MAFUTA YA MIWA.

"Mzee, hapa unatia alama," akaniambia. "Huandiki insha."

"Nitie wapi? Si petroli, si dizeli."

"Basi halina mafuta. Na gari lisilo na mafuta halikaguliwi. Limefikaje hapa?"

Nikamwambia limefika kwa kuendeshwa. Akaita anayefuata.

Sasa salamu. Mimi ni mzima. Natumaini wewe pia, na Koki, na wagonjwa wako hapo zahanati wapungue. Stika yetu ya ukaguzi inakwisha Ijumaa tarehe 31 Machi. Baada ya hapo gari haliruhusiwi kubeba abiria hata mmoja, kwa hiyo nina wiki saba na siku nne za kupata karatasi.

Gari lenyewe halina neno. Tangu Novemba, nilipobadilisha kabureta, limekwenda Njiru na kurudi mjini mara sita kwa siku bila kukohoa. Injini haipandi moto tena pale Jogoo Road kwenye msongamano. Plagi nilizifungua Jumamosi, ni safi kama meno ya mtoto. Ni kama Baba Koki alivyosema tulipokuwa naye kazini depo ya mabasi, akachora mchoro wote nyuma ya karatasi ya zamu. Mchoro huo bado ninao.

Wiki ijayo naenda kwa watu wa bima.

Wako,
Patrobas Kweyu


Zahanati ya Mutomo, Kitui
Jumatatu, 13 Februari 1995

Shemeji Patrobas,

Barua yako imefika Ijumaa. Nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali unaposema mafuta ya miwa ni kitu gani, sikupaona. Unaniandikia kama unaripoti ajali kwa meneja wa depo: saa, tarehe, nani alisema nini. Jambo lenyewe unaliruka.

Mimi si fundi. Marehemu aliniachia gari moja na mtoto mmoja, na gari ndilo linalomsomesha mtoto. Nilikupa ulitunze kwa sababu yeye alikuamini. Uliponiambia mwaka jana kwamba petroli imepanda tangu serikali iachilie bei, na kwamba unajua njia ya nafuu, nilisema sawa. Sikusema uligeuze gari kitu ambacho karani hana jina lake.

Kwa nini usitie alama kwenye petroli? Kisanduku kiko, kalamu unayo.

Nikwambie na hili. Kaka yangu ameniletea mnunuzi. Ni Abdiqadir, mfanyabiashara wa jumla wa Eastleigh, anataka gari la kubebea marobota ya nguo. Yeye hahitaji stika ya abiria. Anaendelea kungoja mpaka hiyo hiyo tarehe 31. Karatasi ikiwa haijapatikana siku hiyo, namuuzia. Sikutishi. Nakupangia muda, kama ninavyompangia mgonjwa.

Kanyiva Nzivo


Buruburu
Jumatatu, 20 Februari 1995

Mama Koki,

Watu wa bima wamekataa. Bwana aliyevaa tai ya kijani alisema Alhamisi saa tano kwamba hawawezi kukatia bima gari ambalo ofisi ya ukaguzi haijalikubali. Nilirudi ofisi ya ukaguzi Ijumaa. Yule karani akasema hawawezi kulikubali gari ambalo bima haijalijua. Nikamwomba awapigie simu. Akasema simu ya ofisi inapokea tu, haipigi.

Umeniuliza kwa nini nisitie alama kwenye petroli. Nilifikiri juu yake, sikatai. Lakini gari likiungua au likigonga mtu, bima itafungua tangi, na watakachokuta si petroli. Watakataa kulipa, na jina kwenye kitabu cha gari ni lako, si langu. Atakayesimama kizimbani ni wewe.

Mwenye kituo cha mafuta nilikokuwa naweka pipa langu naye ameniambia nilitoe. Anasema kampuni inayomletea petroli haitaki kuona pipa la mtu mwingine uani kwake. Nimelihamishia nyuma ya nyumba yangu. Binamu yangu Wafula ndiye anayeninunulia kiwandani kule magharibi, kwa stakabadhi halali, na lori la sukari linaniletea. Pale ninapochoma lita mbili za petroli nachoma tatu za haya, lakini bei yake ni nusu. Hesabu hiyo unaweza kuifanya bila kuwa fundi.

Abiria hawalalamiki. Wapiga debe ndio wenye maneno. Jana mmoja pale Njiru aliinama kwenye bomba la moshi, akavuta pumzi, akaniambia, "Buda, hii mathree yako imepiga keroro kuliko wewe!" Wakacheka wote, eti matatu imelewa. Nikawaacha.

Mafuta ya miwa ni mafuta yanayotokana na miwa.

Patrobas Kweyu


Mutomo
Alhamisi, 2 Machi 1995

Bwana Kweyu,

Mzee Ndete wa kanisa letu alikwenda Nairobi kumwona mwanawe. Jumapili tarehe 19 alikuta gari la marehemu limesimama Njiru, akaja dirishani kukusalimu. Ananiandikia kwamba harufu ya pombe ilimfikia kabla ya jibu lako. Ilikuwa saa moja asubuhi. Shati lako lilikuwa limelowa kifuani, na ulikuwa ukitema mate chini. Wapiga debe wakakucheka kwamba umelewa, nawe hukuwajibu.

Hicho kicheko uliniandikia. Mzee Ndete hukumwandika.

Mwaka wa 1988 mume wangu alikuokota nyuma ya kilabu cha busaa, akakulaza sebuleni kwetu siku tisa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiosha lile beseni. Uliapa mbele yetu wawili. Sitakueleza ulichoapa, unakijua.

Funguo za gari mpe Mzee Ndete. Yuko kwa mwanawe, Buruburu hapo hapo, mpaka Jumamosi tarehe 11.

K. Nzivo


Buruburu
Jumanne, 7 Machi 1995

Mama Koki,

Si mimi ninayekunywa. Ni gari.

Mafuta ya miwa ni spiriti. Ni ile inayotengenezwa kwa molasi, makapi ya sukari, kwenye kiwanda anachofanya kazi Wafula. Ni spiriti tupu, yenye nguvu kuliko chang'aa yoyote. Miaka ya themanini petroli ya Nairobi ilichanganywa nayo na hakuna gari lililolewa. Halafu wakaacha. Baba Koki alisema ikiwa gari linaweza kwenda na kidogo, linaweza kwenda nayo tupu, mradi utanue matundu ya kabureta. Alisema kweli.

Sikukuandikia neno hilo kwa sababu moja. Nilijua ukiliona kwenye mstari mmoja na jina langu hutasoma mstari wa pili.

Sasa shati. Spiriti inakuja kwa pipa. Kuitoa kwenye pipa na kuitia kwenye tangi natumia mpira, na mpira huanza kwa kunyonywa, kama mafundi wote wanavyofanya na petroli. Nanyonya, inafika mdomoni, natema, naingiza mpira kwenye tangi. Mara nne kwa wiki tangu Novemba. Siku ile Mzee Ndete aliponikuta, mpira ulikuwa umeniponyoka ukanimwagia kifuani. Nimehesabu: ni mara sitini na mbili. Nimetema mara sitini na mbili. Hakuna aliyekuwapo kushuhudia, kwa hiyo una neno langu tu, na neno langu najua bei yake kwako.

Funguo sikumpa Mzee Ndete kwa sababu barua yako nimeisoma jana jioni. Tangu Ijumaa hadi jana nilikuwa seli. Afande alinisimamisha barabara ya Kangundo, akafungua kifuniko cha tangi na kunusa.

"Umebeba chang'aa lita arobaini," akasema.

"Ni mafuta, afande."

"Mafuta gani yananukia Krismasi?"

Wakajaza chupa moja ya soda iwe kielelezo, wakaiweka kwenye kabati la kituo. Jana asubuhi inspekta alilifungua kabati ili nipelekwe kortini. Chupa ilikuwapo, imefunikwa vizuri, tupu. Inspekta alitazama askari wake mmoja mmoja. Kisha akaniambia niende nyumbani.

Nimempa dereva wa basi la Mutomo chupa ndogo iliyofungwa kwa nta, akuletee. Wewe ni muuguzi, spiriti unaijua. Itazame mwenyewe. Funguo nitampa Mzee Ndete Jumamosi, ukiwa bado unataka.

Patrobas Kweyu


Mutomo
Jumanne, 14 Machi 1995

Shemeji,

Chupa imefika. Nilitia kijiko kimoja kwenye sahani ya bati nikawasha kiberiti. Moto wa buluu, hauna moshi, haukuacha hata doa. Nimesafishia vidonda kwa spiriti miaka kumi na saba, na ya serikali haijawahi kuwa safi hivi. Iliyobaki nimeitumia leo kwa mama aliyekatwa na panga shambani.

Mzee Ndete ameniandikia kwamba ulimpelekea funguo Jumamosi saa tatu kamili na kwamba alikurudishia. Anasema alikunusa. Nilimwagiza akunuse, usimlaumu.

Bado nina hasira nawe, na si ya pombe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kila siku wanakuja hapa watu wanaoniambia kichwa kinauma wakati ugonjwa uko tumboni, kisha wanashangaa dawa haifanyi kazi. Wiki nne nimekuwa nikikuambia utie alama kwenye petroli, kumbe ugonjwa ni mwingine. Ungeniandikia spiriti siku ya kwanza ningekasirika siku mbili. Sasa nimekasirika tangu Februari.

Tena mara sitini na mbili! Mtu wa historia yako! Hukuona njia nyingine duniani ila kutia mdomo?

Pamoja na barua hii dereva wa basi atakupa kifurushi. Ni pampu ya mkono, ile ambayo wenye maduka hutolea mafuta ya taa kwenye pipa. Nimeinunua kwa Muse, Msomali mwenye duka hapa sokoni. Alitaka kujua nafungua duka gani. Mpira wako ukate vipande uwape watoto wachezee. Kuanzia leo midomo yako isiuguse.

Abdiqadir ametuma mtu kuuliza kama tarehe haijabadilika. Nimesema haijabadilika. Niambie sasa, kwa ukweli, ni karatasi gani inayotakiwa na nani anaitoa.

Kanyiva


Buruburu
Jumatano, 22 Machi 1995

Mama Koki,

Ofisa wa ushuru amesema leo asubuhi saa tatu na nusu kwamba gari letu ni baa.

Mazungumzo yalikuwa hivi. Nayaandika yote usije ukasema naruka.

"Hiyo spiriti yako inanyweka?"

"Mwenye akili hanywi."

"Sikuulizi akili. Inanyweka?"

Nikakumbuka chupa ya kituoni. Nikasema inanyweka.

"Basi ni pombe. Mtu haweki wala habebi pombe ya kiasi hicho bila leseni ya pombe."

"Na nikiitia dawa isinyweke?"

"Basi ni dawa ya vidonda. Nenda ofisi za afya."

"Na ikichomwa ndani ya injini?"

"Ikishachomwa haipo. Sishughuliki na kitu ambacho hakipo."

Hakuwa mkali. Alinipa kiti. Alisema amefanya kazi hiyo miaka ishirini, na kwamba mimi sijakosea lolote, ila vitabu vyake havina ukurasa wangu. Ukurasa ulio karibu ni wa leseni ya baa. Mwenye leseni hiyo akimletea stakabadhi za kiwanda, atagonga muhuri. Nilikwenda na maneno hayo kwa bima. Bwana wa tai ya kijani akasema muhuri wa ushuru unamtosha. Nikaenda kwa karani wa ukaguzi. Akaivuta fomu, akasema akipata karatasi yenye muhuri inayotaja spiriti, atachora kisanduku cha tatu kwa kalamu na rula. Nilimwambia arudie. Akarudia.

Kwa hiyo karatasi ni moja, na sasa unajua jina lake. Nilidhani nitaiomba mimi. Ofisa amekataa. Leseni ya baa hupewa mwenye mali, na gari ni mali yako. Mwombaji lazima awe Kanyiva Nzivo, muuguzi, katibu wa akina mama wa kanisa, mjane wa shemasi. Jina lako litabandikwa ukutani kwenye ofisi ya wilaya kati ya wenye baa, watu wasome, na mwenye pingamizi aandike.

Siwezi kukuomba hilo. Baba Koki mwenyewe asingekuomba. Muuzie Abdiqadir. Ni mtu mwaminifu, nimeulizia Eastleigh. Yeye atataka petroli, kwa hiyo Ijumaa tarehe 31 asubuhi nitarudisha kabureta ya zamani na kumkabidhi gari likiwa safi. Kazi ni ya saa tatu.

Pampu imefika. Inafanya kazi. Nashukuru.

Patrobas Kweyu


Mutomo
Jumatatu, 27 Machi 1995

Shemeji Patrobas,

Usiguse kabureta. Naandika hilo kwanza, na barua hii nampa dereva mkononi ili ikufikie kabla ya Ijumaa.

Jumamosi nilikwenda Kitui mjini kumwona wakili wa kanisa, nikarudi na fomu ya leseni ya pombe. Yeye anasema leseni iombwe Nairobi, ambako pipa liko. Nimeijaza jana baada ya ibada, nimekaa mezani pa zahanati. Imenichukua saa mbili. Jina la baa: nimeandika nambari ya gari. Mahali ilipo: Njiru hadi mjini, kupitia Jogoo Road. Idadi ya viti: kumi na vinane. Muziki: redio. Vyoo vya wanaume na vya wanawake: hakuna. Jina la mhudumu mkuu: Patrobas Kweyu, asiyekunywa. Walipouliza ni wateja wa aina gani watakaonunua pombe hiyo, nimeandika: mmoja, injini.

Kabla ya kuijaza nilisimama kanisani wakati wa matangazo. Sikutaka Mzee Ndete ayalete maneno haya kwa njia yake. Nikasema, naomba leseni ya baa, na kabla hamjaniondoa ukatibu nisikilizeni dakika tano. Niliwasomea barua yako ya tarehe 22, maneno yote ya ofisa wa ushuru, kama ulivyoyaandika. Nilipofika kwenye "Sikuulizi akili" kuna mama aliyecheka mpaka akatoka nje. Mchungaji hakucheka. Aliuliza kama kuna mtu atakayekunywa. Nikasema, aliyekuwa na nafasi ya kunywa kuliko wote alitema mara sitini na mbili. Mchungaji akanitazama, akasema hana pingamizi, na akaandika hivyo kwa mkono wake. Karatasi yake nimeiambatisha.

Ukatibu bado wanaujadili. Wajadili.

Kaka yangu nimemtuma Eastleigh kwa Abdiqadir. Gari litakaa bila kazi kuanzia Jumamosi kwa sababu ya stika, najua. Zitakuwa wiki tano na siku kadhaa. Karo ya Koki ya muhula ujao nitaongea na mwalimu mkuu, hilo usijitie. Abdiqadir amekubali kungoja mara moja tu, mpaka siku ya baraza la leseni, saa kumi na moja jioni. Likikataa, analichukua jioni hiyo hiyo, na wewe utairudisha kabureta mbele yake. Ameniambia kupitia kwa kaka yangu kwamba anatuombea dua, lakini marobota yake hayangoji dua. Sikumlaumu.

Baraza hukaa mara mbili kwa mwaka. Kikao kijacho ni Jumanne, tarehe 9 Mei, saa tatu asubuhi. Nitapanda basi la usiku wa kuamkia hapo, nitavaa sare ya akina mama wa kanisa, yote, na kitambaa cha kichwani. Kama watanitoa kwenye ukatibu kabla ya hapo nitaivaa vile vile, niliishona mwenyewe.

Wakili anasema kuna sharti moja ambalo hakuna mwombaji anayesamehewa: wajumbe lazima waione baa yenyewe kabla ya kupiga kura. Kwa hiyo osha gari. Lete mchoro wa Baba Koki, na stakabadhi zote za Wafula, na pampu. Uegeshe mbele ya mlango wa baraza saa mbili na nusu, uzime injini, ungoje tukuite uiwashe.

Kanyiva